Majiko Sitini na Mawili ya Ikovelo

Kuna wahakiki wanaozunguka mipaka wakiwa wamekaa ofisini, kikombe cha kahawa mkononi, macho yakifuata mstari kwenye kioo. Mimi si mmoja wao. Kwa miaka ishirini na minne niliyoitumikia Mamlaka ya Mipaka na Misimbo sijatia muhuri kwenye eneo hata moja ambalo sikulizunguka kwa miguu yangu, na kama mtu anaona ninajisifu, aone hivyo hivyo, kwa sababu ninajisifu. Jina langu, Tusekile Mwakalinga, limeandikwa kwenye ubao wa Daraja la Kwanza pale lango kuu, na chini yake pameandikwa: mihuri 3,118, iliyofutwa 0.

Hiyo sifuri niliipenda. Asubuhi nikipita langoni nilikuwa napunguza mwendo kidogo ili niione.

Kwa hiyo mwezi Julai, Mkurugenzi Shekalaghe aliponiita na kunionyesha Ikovelo kwenye ukuta wake wa ramani, nilijua hatukuitana kunywa chai.

"Msimu uliopita ulitia muhuri majiko kumi na tisa," alisema. "Jana alfajiri Mizani imesoma sitini na mawili. Hebu nieleze, dada, kaya arobaini na tatu zimeota wapi ndani ya miezi minne, tena huko kwenye baridi?"

Mizani ni mashine yetu. Setilaiti zake hupita kila alfajiri, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, zikisoma joto la kila jiko nchini, na kila jiko huhesabiwa kuwa kaya moja. Kila msimu Mizani huichora upya mistari ili kila eneo la kuhesabia watu libaki na kaya kati ya sitini na mia moja na ishirini. Eneo likisomeka chini ya sitini kwa misimu mitatu mfululizo, linaunganishwa na jirani yake na msimbo wake unafungwa. Msimbo ukifungwa haurudi tena, wala halipewi eneo lingine. Zamani kitongoji kikifutwa kwenye makaratasi watu waliendelea na maisha yao. Siku hizi droni ya dawa inatua kwenye msimbo, mwalimu wa redio anafundisha msimbo, hata cheti cha mtoto kinaanza na msimbo wa alikozaliwa.

Ikovelo, 22-04-113-006, ilikuwa kwenye msimu wake wa tatu. Mizani ingefunga daftari keshokutwa yake.

"Nenda," alisema Shekalaghe. "Kama ni sitini na mawili, tia muhuri. Kama ni kumi na tisa, funga."

*

Nilifika kesho yake asubuhi, barafu nyembamba bado imelala kwenye majani ya viazi. Kama kawaida yangu sikuingia kijijini kwanza. Nilianzia kwenye jiwe la mpaka la kaskazini, nikashuka na mstari hadi korongo linalotenganisha Ikovelo na Igolwa, jirani ambaye ingeunganishwa naye.

Kwenye ramani korongo lile ni upana wa unywele. Kwa miguu ni saa mbili kushuka na saa mbili kupanda, na sehemu mbili nilipanda kwa mikono, begi nimelining'iniza shingoni. Nilipotoka upande wa pili nilifungua orodha ya dawa kwenye kishikwambi. Watu kumi na wanne wa Ikovelo wanaishi kwa dawa za sukari na presha, na mdogo wao ana miaka sitini na sita. Msimbo ukifungwa, droni itatua Igolwa. Nilikaa kwenye jiwe nikijaribu kumpata kati yao mmoja ambaye angeshuka korongo lile na kurudi nyumbani akiwa hai, nikamkosa.

Nikageuka, nikarudi.

Mwenyekiti wa kitongoji alinipokea mchana, kwenye uwanja wa kanisa. Mzee Obadia Luvanda alikuwa na miaka sabini na mbili, koti la suti lililopigwa pasi na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Msimu uliopita tulikutana kwa dakika kumi tu; mvua ilikuwa inanyesha, nilizunguka mpaka, nikahesabu moshi nikiwa kilimani, nikaondoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Huku tunaambiwa Mnyakyusa akikosa ndizi hatembei. Wewe umefikaje?"

"Nimekuja kula viazi vyenu, Mzee. Ndizi nimeziacha nyumbani zipumzike."

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi utakula. Nyumba zote sitini na mbili zinakungoja, na kila nyumba ina moto wake."

Alilisema hilo la mwisho huku amenyoosha mgongo.

Nyumba zilikuwa safi, kuta zimepakwa chokaa mpya, na kila paa lilitoa moshi. Watu wenyewe walikuwa themanini na watatu, wengi wazee, wengi wakiishi mmoja mmoja, kwa kuwa vijana walishahamia mijini zamani. Na pale mgeni haondoki kwenye nyumba bila kuonja. Nyumba ya kwanza nilipewa viazi na maharage. Ya pili viazi na maharage. Ya tatu vilevile, nikasifu, mwenye nyumba akainamisha macho kwa furaha.

Nyumba ya tano nilianza kutafuna polepole. Maharage yalikuwa na kitunguu kilichoungua kidogo, kile cha mtu anayekaanga vizuri lakini anaitwa katikati ya kazi. Kitunguu kilekile nilikuwa nimekila nyumba nne zilizopita. Ya saba waliniletea bakuli la bati lenye ua jekundu, ukingo umebanduka upande mmoja. Nililikumbuka bakuli hilo vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimelilamba kwenye nyumba ya pili.

Nyumba ya tisa niliomba nionyeshwe jiko. Moto ulikuwa unawaka vizuri katikati ya mafiga matatu. Nikainua kichwa, nikatazama mianzi ya dari. Jiko linalopika kila siku huacha masizi juu yake, meusi, yanayong'aa kama kiatu cha askari. Mianzi ile ilikuwa ya njano, safi kama ilivyokatwa.

"Mzee Luvanda," nilisema. "Hapa hapapikwi."

"Moto si huo?"

"Moto nauona. Nauliza chungu kiko wapi."

Mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye mtandio wa bluu, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Mzee Luvanda alitazama mlango. Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimetembea saa nane na magoti yangu yalikuwa yanauma, na watu hawa waliokuwa wakinipa chakula kwa upendo walikuwa wakinidanganya kwa chakula hichohicho.

"Nipelekeni kinakopikwa," nilisema. "La sivyo natia muhuri wa kufunga sasa hivi, nikiwa nimesimama."

*

Chungu kilikuwa kwenye kikaushio cha zamani cha pareto, jengo refu la matofali nyuma ya kanisa. Si chungu, ni pipa: sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Juu yake dari lilikuwa jeusi tii. Mabenchi yalipangwa pande zote, yamesuguliwa na makalio ya miaka mingi, na kwenye misumari ukutani vilining'inia vikombe themanini na vitatu, kila kimoja na alama yake ya rangi.

Mwanamke mnene wa miaka kama sitini alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu kama jembe. Hakuacha kukoroga.

"Huyu ndiye Yudita Mahenge," alisema Mzee Luvanda kwa sauti ya chini.

"Kitunguu kinaungua ukiitwa," nilimwambia.

"Leo nyumba sitini na mbili zinaniita," alijibu. "Kaa kwanza upate joto. Kisha utatukana vizuri."

Nilikaa. Ndipo waliponieleza, yeye akisema na mwenyekiti akisahihisha. Miaka saba iliyopita baridi iliua viazi vyote usiku mmoja. Kila nyumba ilileta ilichonacho hapa, Yudita akapika, wakavuka mwaka. Mwaka uliofuata viazi vilikuwepo, lakini nani angebeba kuni? Mtu wa miaka sabini na tano, peke yake, apande mlima kutafuta kuni za kuchemsha viazi viwili? Wakaendelea. Tangu mwaka ule hakuna nyumba Ikovelo iliyopika.

"Na majiko kumi na tisa niliyoyatia muhuri?"

Yudita akacheka kwa pua. "Muulize mwenyekiti."

Mzee Luvanda alivua kofia, akaivaa tena. "Mama, huku kwetu nyumba isiyotoa moshi asubuhi ni nyumba iliyoshindwa. Baba yangu alikuwa akipita njiani anasema, yule hana moto, na mtu yule hakuweza kusimama tena kwenye kikao. Kwa hiyo baadhi yetu tuliendelea kuwasha. Hatuweki kitu juu yake. Tunawasha tu, jirani aone, kisha tunakuja hapa kula."

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa. Na tuliposikia tunafungwa, tukawaomba na wengine wawashe."

Nilihisi uso wangu unawaka, wala si kwa joto la jiko. Sitini na mawili ulikuwa uongo, hilo nilishalijua. Lakini kumi na tisa nao ulikuwa uongo, na chini yake ulikaa muhuri wangu. Nilizunguka mpaka wote kwa miguu, nikajisifu, na sikuingia jikoni hata kwa mtu mmoja.

*

Nilitoka nje nikafungua Kanuni. Nilikuwa naijua kwa kichwa, ila kuna nyakati mtu anataka kuona maandishi. *Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.* Ndivyo ilivyoandikwa tangu enzi za karatasi, kabla ya setilaiti kujifunza kuhesabu moto badala ya chungu kwa sababu moto unaonekana kutoka juu.

Nikashuka hadi sura ya misimbo. Tarakimu mbili za mwanzo ni mkoa, mbili wilaya, tatu kata, tatu za mwisho eneo. Maeneo ya kawaida yanaishia 899. Kuanzia 900 ni maeneo maalumu: shule za bweni, kambi, magereza, nyumba za watawa. *Palipo na watu zaidi ya hamsini wanaokula chungu kimoja kwa kudumu.* Mizani haigusi mia tisa. Hailinganishi, haiunganishi, haifungi, maadamu chungu kinachemka.

Nilimpigia Shekalaghe, nikamweleza kwamba Ikovelo yote ni kaya moja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada Tusekile, hiyo ni hila."

"Ingekuwa hila kama wangeanza leo. Wamekula hivyo miaka saba. Sisi ndio tuliosoma vibaya."

"Sisi?"

"Mimi."

"Unajua maana yake. Huwezi kuandika kaya moja juu ya muhuri wa kumi na tisa. Lazima uufute kwanza. Na mhakiki anayefuta muhuri wake anashuka daraja, ubao unabadilishwa. Hiyo sheria uliidai wewe mwenyewe."

Ni kweli niliidai. Nilisimama mbele ya baraza zima miaka sita iliyopita nikasema mtu asiyeweza kusimama na muhuri wake asikae Daraja la Kwanza, wakapiga makofi.

"Tia muhuri kumi na tisa tena," alisema taratibu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ananihurumia. "Hakuna atakayekuuliza. Wataunganishwa na Igolwa, ubao wako utabaki."

Nililitazama korongo. Kutoka pale lilionekana dogo, kama kwenye ramani. Nilifikiria sifuri yangu, jinsi ninavyopunguza mwendo pale langoni, na nitasema ukweli: nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaingiza namba ya muhuri wa msimu uliopita, nikaweka kidole, nikaufuta. Kishikwambi kikauliza sababu. Nikaandika: *Mhakiki hakuingia jikoni.*

*

Jioni, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, niliwaeleza sharti. Eneo maalumu haliombwi na mwenyekiti kwa niaba ya watu. Kila mtu atamke mwenyewe, irekodiwe, kwamba hana chungu kingine. Na alfajiri Mizani ikipita, moto uwe mmoja tu. Jiko moja likizidi, ombi linakufa, wanasomwa kama kawaida, wanafungwa.

"Na si alfajiri moja," niliongeza. "Nitarudi bila taarifa, msimu mzima. Nikikuta moto wa kuonyesha jirani, nafunga mwenyewe."

Walitamka mmoja mmoja. Bibi wa mtandio wa bluu alilia kidogo, akatamka. Wengine walitamka haraka, kama wanameza dawa. Walipofika themanini na wawili wote wakamgeukia Mzee Luvanda.

"Nyumba ya Luvanda imewaka tangu babu yangu," alisema. "Wakati wa njaa iliwaka. Mke wangu alipofariki iliwaka. Leo unataka niseme mbele ya watu, mbele ya mashine, sina moto?"

"Mzee, unakula wapi?"

"Unajua ninakokula."

"Basi sema hilo tu."

"Afadhali tufungwe tukiwa watu wenye nyumba zao."

Mwiko ulisimama. Yudita Mahenge akamtazama ng'ambo ya sufuria. "Obadia, miaka saba unakula kwangu, hujawahi kuniambia asante mbele ya watu. Unaingia mwisho, unatoka kwanza, ili uonekane umepita tu."

Mzee Luvanda aliivuta kofia yake masikioni. Nikamwambia jambo ambalo sikukusudia kumwambia mtu yeyote. "Mzee, mimi nina ubao mjini. Una jina langu na sifuri. Leo mchana nimeifuta, kwa sababu haikuwa ya kweli. Iliniuma, bado inauma. Sikuja kukuomba kitu ambacho mimi sijakitoa."

Alisimama, akafunga vifungo vya koti vyote, akatoka.

*

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kikaushioni, kishikwambi kwenye magoti. Ramani ya joto, iliyochorwa na droni ndogo niliyoirusha juu ya kitongoji, ilionyesha doa moja kubwa, letu. Watu walikuwa wanaingia wamejifunika mablanketi, wakichukua vikombe vyao ukutani. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba hakuna aliyeacha moto nyuma yake, na nilipowasikia wakitaniana kwamba leo wamelala dakika ishirini zaidi kwa kutowasha moto wa bure, nilifarijika.

Saa kumi na mbili kasoro robo doa la pili likawaka. Ncha ya kusini. Nyumba ya Luvanda.

Waliuona uso wangu. Vikombe vikatulia. Yudita alisogea, akatazama kioo juu ya bega langu, akarudi kwenye sufuria yake. "Angekuwa anataka tufe," alisema, "asingewasha mapema hivi."

Dakika nane zilibaki. Saba. Doa likaanza kusogea.

Nilidhani kioo kina hitilafu. Moto hausogei. Lakini doa lile jekundu liliacha nyumba, likashika njia, likapita kanisa polepole, mwendo wa mtu anayeangalia asijikwae. Mlango ukafunguliwa. Mzee Obadia Luvanda aliingia na koti lake la suti, mikono miwili imeshika koleo lililojaa makaa mekundu, moshi ukimwingia machoni. Hakutazama mtu. Alitembea katikati ya mabenchi, akapiga goti kwa shida, akayamimina makaa yale chini ya sufuria ya Yudita.

"Sikuzima," alisema. "Nimeuhamisha."

Kisha akanigeukia. "Rekodi. Mimi Obadia Luvanda, chungu changu ni hiki. Hakuna kingine."

Mizani ilipita. Kishikwambi kikalia mara moja: *22-04-113-006. Jiko moja. Watu themanini na watatu.* Nikafunga 006, nikafungua 906, na kwenye jedwali la kuunganisha misimbo nikaandika mstari wa kusema huyu ndiye aliyekuwa yule, ili mtu wa miaka mia ijayo akiwatafuta asiambiwe walitoweka.

Fomu ya kaya ilifunguka. Swali la kwanza: mkuu wa kaya ni nani? Nikalisoma kwa sauti. Wote walimtazama mwenyekiti, kwa mazoea.

"Mnaniangalia nini?" alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ulikuwa moshi tu. "Andika Yudita Mahenge. Mimi ninakula kwake."

Yudita akageuka kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake. Niliandika. Swali la pili: kila mmoja ana uhusiano gani na mkuu wa kaya? Nikawasomea majibu yaliyoruhusiwa: mume, mtoto, mkwe, ndugu, asiye na uhusiano.

"Ndugu," alisema Mzee Luvanda, na nyuma yake bibi wa mtandio wa bluu akasema ndugu, na benchi zima, na benchi lililofuata.

Mizani ilisimama, ikauliza kama nimekosea, kwa kuwa jibu moja lilikuwa limejirudia mara themanini na mbili.

Nikabonyeza kwamba sijakosea, nikatia muhuri.